Kidonda cha kinywa kisichopona kipimwe kabla jino halijang'olewa

Ndugu Mhariri,

Makala za saratani ya kinywa zinazochapishwa magazetini huanza na tumbaku na mara nyingi huishia hapo hapo. Sina ugomvi na onyo hilo, kwa kuwa tumbaku ya kuvuta na ya kutafuna, pombe na popoo (kokwa inayotafunwa pamoja na tambuu) ndivyo visababishi vikubwa, na anayevuta huku akinywa hujiweka katika hatari kubwa zaidi kuliko anayefanya kimoja tu. Lakini msomaji ambaye tayari ana kidonda pembeni mwa ulimi anahitaji jambo jingine: kujua aende wapi na adai kipimo gani. Nikiwa daktari wa kinywa na meno, naomba nafasi nilieleze hilo.

Mwaka 2022 watu wapatao 390,000 duniani waligundulika kuwa na saratani ya midomo na kinywa, na wapatao 188,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Idadi hiyo inaniuma kwa sababu saratani hii huota mahali panapoonekana kwa macho, ambapo tochi na kipande cha shashi cha kuushikia ulimi vinatosha kuutazama upande wake wote pamoja na sakafu ya kinywa iliyo chini yake. Hata hivyo wagonjwa wengi hufika kwa mtaalamu wakiwa wamekwisha kuvimba tezi za shingo.

Muda huo hupotelea wapi? Sehemu yake hupotea kwa mgonjwa mwenyewe, kwani mwanzoni kidonda hakiumi. Sehemu nyingine, na hii ndiyo inayotuhusu sisi watoa huduma, hupotea baada ya mgonjwa kuja. Anapewa dawa ya kusukutua, kisha antibayotiki, kisha antibayotiki ya aina nyingine, na jino lililolegea karibu na kidonda linang'olewa bila mtu kujiuliza kwa nini jino moja lilegee ilhali mengine yote ni imara. Pengo halifungi, nyama inachomoza ndani yake, na mgonjwa anaambiwa kwamba ni uambukizi wa baada ya kung'oa. Kanuni inayopaswa kufuatwa ni nyepesi: ondoa kinachokwaruza, kiwe ni ncha ya jino au meno bandia, mwite mgonjwa baada ya wiki mbili, na kama kidonda bado kipo, achukuliwe kipande cha nyama kipelekwe maabara ya patholojia, inayochunguza tishu kwa hadubini. Baka jekundu lisilo na sababu halistahili hata kusubiriwa hivyo, kwa maana mabaka mekundu hugeuka saratani mara nyingi zaidi kuliko meupe.

Kipande hicho kichukuliwe ukingoni mwa kidonda, kikiwa na kina cha kutosha, kwa sababu katikati mara nyingi pana tishu zilizokufa zisizotoa jibu. Kidonda kizima kinachotiliwa shaka kisiondolewe katika kliniki ya meno, kwani daktari atakayefanya upasuaji mkuu atahitaji kuona mipaka yake. Wagonjwa wengi huogopa kwamba saratani ikiguswa na kisu husambaa. Hofu hiyo inaeleweka, lakini haina ushahidi wa kuiunga mkono, na imewachelewesha watu ambao wangeweza kupona. Majibu yakitoka kwamba hakuna saratani huku kidonda kikizidi kuwa kigumu, kipimo kirudiwe.

Taya nalo lina dalili zake. Ganzi ya mdomo wa chini na kidevu isiyo na maelezo, kushindwa kufungua kinywa, au meno bandia yaliyokuwa yakikaa vizuri kuanza kukataa, yote yadai picha ya eksirei na rufaa. Kwa mtoto, uvimbe wa taya unaokua kwa kasi huku meno yakilegea unaweza kuwa limfoma, yaani saratani ya chembe za kinga za mwili, ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona Uganda. Hiyo hutibiwa kwa dawa, si kwa kukata taya, na kila siku ya kusubiri ina uzito.

Kwa saratani nyingi za kinywa upasuaji ndiyo tiba kuu, na shingo haipaswi kusahauliwa. Utafiti wa hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai, uliochapishwa mwaka 2015, ulihusu wagonjwa wa hatua za mwanzo ambao tezi zao zilikuwa hazijavimba. Walioondolewa tezi za shingo katika upasuaji ule ule, asilimia 80 walikuwa hai baada ya miaka mitatu. Waliosubiri hadi tezi zijitokeze walikuwa asilimia 67.5. Mgonjwa anayehitaji mionzi atazamwe meno yake kwanza, na yasiyofaa yang'olewe mapema ili mapengo yapone, kwa sababu kung'oa jino kwenye taya lililokwisha kupigwa mionzi kunaweza kusababisha mfupa kufa. Ni jambo dogo la kupanga, na likisahaulika mgonjwa aliyepona saratani huishia kupoteza taya.

Mwisho nina ombi kwa gazeti lako. Picha zinazoambatana na makala hizi huwa za uso ulioliwa na ugonjwa. Zinatisha, lakini pia zinamfundisha mwenye baka dogo jekundu chini ya ulimi kwamba yeye hajafika huko. Nawaomba mchapishe picha za mwanzo wa ugonjwa, hata kama hazivutii macho, na kando yake muandike muda wa wiki mbili kwa herufi kubwa.

Wako,
Daktari wa kinywa na meno