Risala ya vijana waliowahi kulala nje kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Chifu wetu, wachungaji na maimamu mliofika, walimu wetu, akina mama wa vibanda vya Muthurwa, na ninyi wenzetu mliosimama pale mlangoni mkiona haya kuingia na nguo hizo: hamjambo? Viti vipo. Ingieni mketi.

Mheshimiwa, kwa niaba ya kikundi chetu tunakushukuru kwa kuja kuwapa vyeti wenzetu tisa, watano wa uchomeleaji na wanne wa upishi. Hatutakuchosha kwa historia. Tulianza watu saba tukiosha magari karibu na Mto Nairobi, na mpaka leo hatuna ofisi. Stakabadhi zetu zimo ndani ya ndoo yenye kifuniko, nyumbani kwa mweka hazina.

Tunaomba tukuzungumzie usiku. Mchana tunaonekana na kila mtu. Wahisani huja mchana, hasa Desemba, na mikate na soda na kamera. Tunakula na tunashukuru. Lakini mtoto akishakula mkate wa saa nane, saa mbili za usiku bado zinamngoja, na saa nane za usiku pia.

Wapita njia wakimwona mtoto wa miaka kumi ana kichupa cha gamu, yaani gundi ya viatu, puani, husema huyo ameharibika. Sisi tuliowahi kushika vichupa hivyo tunajua vilikuwa na kazi. Gamu huua njaa. Julai, baridi ya Nairobi inapopenya gunia na karatasi, gamu hukufanya usiisikie. Na hukupa ujasiri wa kulala mahali ambapo mtu yeyote anaweza kukukanyaga, kukuibia au kukufanyia mabaya zaidi. Fundi viatu huinunua kwa ajili ya soli. Mtoto huinunua iwe blanketi, na kichupa kidogo kilikuwa rahisi kuliko chapati na maharagwe.

Malipo yake huja baadaye. Ndani ya gundi hiyo mna kemikali iitwayo toluini, ambayo hupatikana pia kwenye thina ya rangi. Huingia kwenye ubongo upesi, na kwa miaka humpunguzia mtu kumbukumbu, akashindwa hata kushika darasa tunalompeleka. Inaweza pia kuusimamisha moyo ghafla, hasa aliyevuta anaposhtuliwa au kukimbizwa. Tulimpoteza mwenzetu mmoja namna hiyo. Alikuwa mzima jioni ile, akitutania kuhusu timu ya Gor Mahia. Kwa sababu hiyo tunawafundisha wadogo zetu: ukimkuta mwenzako amelewa gamu, usimfukuze, usimpigie kelele, usiwashe moto karibu naye. Akizimia, mlaze kwa ubavu ili asipaliwe na matapishi, kisha ita mtu mzima.

Mheshimiwa, jambo la pili linaloturudisha kwenye ulevi ni pesa, na hapa watu hushangaa. Wanadhani tunalewa kwa sababu hatuna pesa. Mara nyingi ni kwa sababu tunazo na hatuna pa kuziweka. Kijana amebeba mizigo soko la Marikiti tangu alfajiri, au ameuza plastiki kwa kilo, jioni ana shilingi mia tatu. Akilala nazo, ataamka bila hizo, na pengine na jeraha. Kwa hiyo anazimaliza kabla ya kulala, na duka linalokuwa wazi saa hiyo ni la pombe ya bei ya chini. M-Pesa ingemsaidia, lakini laini ya simu husajiliwa kwa kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa na mzazi wa kushuhudia, na yeye aliondoka kwao akiwa na miaka minane, hakumbuki hata jina la kijiji.

Hapo ndipo akina mama wa vibanda walipotuokoa. Mama mmoja, yumo humu ndani lakini ametukataza tusimtaje, alianza kutuwekea pesa kwenye kopo la majani ya chai, kila mtu na kopo lake. Asubuhi unalipata kama ulivyoliacha. Wawili kati ya tisa wanaofuzu leo walilipia nauli ya mafunzo kwa pesa za kopo.

Kazi yetu nyingine ni kutembea usiku, wawili wawili, kuanzia Globe hadi Ngara, kisha kurudi Kariokor. Tunawahimiza wadogo walale pamoja, mahali penye taa, na mmoja akeshe. Wasichana tunawafuata kwa makini zaidi. Aliyebakwa tunampeleka hospitali ya serikali kabla ya saa 72 kupita, maana dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hazifai zikichelewa. Nambari 116 ya kuwasaidia watoto na 1192 ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, tumewakaririsha kama wimbo, na hazina malipo. Tatizo ni simu yenyewe, kwa hiyo tumewaonyesha ni mlinzi yupi wa usiku atakayewaazima ya kwake bila masharti. Kwa wakubwa waliokwisha kuzama kwenye heroini, tunawasindikiza kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, Mathari au Ngara. Kule mtu hunywa dawa yake kila siku mbele ya muuguzi, na anayelala nje huikosa kwa urahisi kuliko mwenye nyumba.

Mheshimiwa, hesabu ya kitaifa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilipata watu 46,639, na 15,337 kati yao walikuwa hapa Nairobi. Sheria ya Watoto ya 2022 inamtaja anayeishi mtaani kuwa mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi. Tunaishukuru sheria hiyo, ila ina mwisho wake: usiku unapotimiza miaka 18 unakuwa mtu mzima, na baridi ni ile ile.

Hatuna maombi mengi. Tunaomba ofisi ya usajili wa watu ije hapa kwa siku mbili, imsikilize Chifu na akina mama hawa wakishuhudia kuwa wanatujua, kwa wale ambao wazazi wao hawapatikani. Tunaomba wauza gundi waitwe kikao kabla ya kuitiwa askari. Wengine ni baba za watu na wataelewa wakiambiwa, na wasioelewa mtawajua wenyewe.

Ombi kubwa ni la tatu. Mheshimiwa, ukumbi huu una paa lisilovuja, vyoo vinne, maji, na mlinzi anayelipwa kukesha. Hutumika kwa mikutano na harusi, na kila siku saa kumi na mbili jioni hufungwa. Tunaomba usiwe unafungwa usiku. Magodoro tumeanza kuchanga, tuna kumi na moja. Usafi tutafanya sisi kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na siku ya harusi tutawapisha. Sheria ya ndani tumekwisha kuiandika: kichupa kinabaki mlangoni, mwenyewe anaingia. Hatutamfukuza mtoto kwa sababu ananuka gamu, maana huyo ndiye tunayemtafuta.

Sasa ni saa kumi na nusu. Wenzetu waliokuwa mlangoni wamekwisha kuketi, tumewahesabu ni ishirini na watatu. Ufunguo anao mlinzi, yule mzee mwenye koti la kijani. Tunakukaribisha uzungumze, na tunakuomba jibu la ombi la tatu lije kabla ya saa kumi na mbili.

Asante sana.

Risala hii imesomwa na katibu wa kikundi.