Asante kaka wa vipande vya karatasi

Jina lako sikuuliza kaka, ila acha niandike hapa watu wajue ulichonifanyia. Siku tatu nahangaika na ripoti ya kikoba chetu, wanachama 12 lakini kwiri (ombi ninaloandika kwa SQL kuvuta data kwenye hifadhidata) inanitolea 9 tu, wale ambao hawajalipa hawaonekani kabisa na ndio niliokuwa nawatafuta. Ulikuwa meza ya jirani pale maktaba, ukaacha kazi yako, ukachana karatasi vipande vipande, huku majina huku malipo, ukanipangisha kwa mkono. Ukasema ukiunganisha jedwali la majina na la malipo, INNER JOIN inabeba waliopata mwenza tu, LEFT JOIN inabeba majina yote na asiye na malipo anawekewa NULL, yaani patupu, na mtu akilipa mara mbili atatokea mara mbili, nisishtuke. Nikabadilisha, bado 9! Ukanionyesha sharti la mwezi nimeliweka kwenye WHERE, inayochuja baada ya kuunganisha, linawaondoa wenye NULL wote, ukaniambia nilihamishie kwenye ON, inayosema jina lioane na malipo yapi. Zikatoka 12. Na kibodi hukuigusa hata mara moja, niliandika mwenyewe. Mungu akubariki sana. Nyie mnaojua, mkiona mtu kakwama msimwandikie, mchanieni karatasi. Vile vipande bado ninavyo kwenye daftari.