Barua kwa mwanangu aliye Portland

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Ama baada ya salamu, sisi huku Kalihi, Honolulu, tu wazima, hofu ni juu yako. Uliponipigia ukasema umeutafuta muziki wa Kihawaii Portland nzima na umeambulia bendi ya mkahawani yenye mashada ya maua ya plastiki, nilisikia sauti yako ilivyoshuka. Sikutaka kukujibu kwa simu huku unakimbilia basi, kwa hiyo nakuandikia.

Unachokikosa ni kanikapila, nayo haiuzwi tikiti. Kanikapila ni watu waliokaa duara, mwenye gitaa na gitaa lake, mwenye ukulele, lile gitaa dogo la nyuzi nne, na yake, anayeujua wimbo anauanzisha na wengine wanamfuata. Hakuna jukwaa. Hata anayegeuza nyama kwenye moto pale pembeni anaitikia. Ukiuliza watu muziki wa Kihawaii unapigwa wapi, watakupeleka kwenye maonyesho, maana ndiyo wanayoyajua. Wewe uliza watu wa Hawaii wanakula wapi, wananunua wapi samaki mbichi wa kukatwa vipande wanayemwita poke, watoto wao wanajifunza wapi hula, ngoma ya Kihawaii. Wakishapatikana hao, muziki utaukuta baada ya chakula.

Na wako wengi kuliko unavyodhani. Sensa ya Marekani ya 2020 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wenye asili ya Hawaii wanaishi nje ya visiwa. Bei ya nyumba imewasukuma bara, na Las Vegas wamejaa hadi mji ule wameubandika jina la kisiwa cha tisa, maana visiwa vyao vikuu ni vinane. Huko uliko walifika zamani sana. Vuka mto Columbia uende Fort Vancouver. Katika karne ya 19 kampuni ya manyoya ya Hudson's Bay iliwaleta Wahawaii kufanya kazi huko, wakaishi katika kijiji nje ya ngome, na leo mahali hapo panahifadhiwa kama eneo la historia. Nenda siku moja ukatembee tu. Nataka ujue kwamba si wewe wa kwanza kusimama kwenye mvua ile ukiikumbuka Oahu.

Sasa nikwambie pa kuanzia. Ukienda kwenye duka kubwa la vyakula vya Kijapani kule Beaverton, tazama magari yaliyoegeshwa nje. Watu wetu hubandika 808, namba ya simu ya visiwani, kwenye kioo cha nyuma. Msalimie mwenye gari. Sijui mahali pengine duniani ambapo mtu hufurahi kusimamishwa na mgeni kwenye maegesho, lakini watu wa Hawaii walio mbali na kwao hufurahi. Halafu kuna Chuo Kikuu cha Pacific, Forest Grove, magharibi yako. Wanafunzi wa Hawaii wako pale kwa vizazi, na kila majira ya machipuko hufanya luau yao, karamu yenye ngoma na nyimbo, desturi iliyoanza miaka ya 1960. Onyesho lenyewe ni zuri, lakini wewe baki mpaka viti vinakunjwa, usaidie kuvibeba. Wazee waliokuja kuwatazama wajukuu hawaondoki bila kupiga nyimbo kadhaa.

Mahali pa uhakika zaidi ni kwenye halau, yaani shule za hula. Kila halau inahitaji wapigaji, kwa sababu wachezaji wanachoka na muziki wa kaseti na simu. Usiingie tu. Mwandikie mwalimu, jieleze, omba ruhusa ya kukaa nyuma na kusikiliza. Akikubali, fika mapema. Wazazi wanaosubiri watoto ndio hasa unaowatafuta, kwani mmoja wao ana gitaa ndani ya gari. Na wiki inayoanza na Jumapili ya Pasaka, mashindano ya hula ya Merrie Monarch ya mji wa Hilo yakirushwa kwenye televisheni, waulize wanatazama nyumbani kwa nani. Watazamaji hao hawakai kimya saa zote hizo bila mtu kutoa ukulele.

Vilabu vya ukulele vya mjini ni kitu kingine. Utakuta watu wazuri, wengi wastaafu, wanafuata maneno ukutani na kupiga nyimbo za redio za ujana wao. Nenda hata hivyo, mara chache. Karibu kila klabu ina mtu mmoja aliyeishi Hilo au Kaneohe, naye anaijua nyumba unayoitafuta.

Ukikutana nao, baada ya jina utaulizwa ulimaliza sekondari gani. Usione ni udadisi. Kwao hiyo ndiyo namna ya kukuweka mahali, kama bibi yako kule Mombasa anavyouliza mgeni ni wa mtaa gani na mtoto wa nani. Sema Farrington, taja na mwaka, na kabla hujamaliza mtu atamtaja binamu yake uliyesoma naye. Ila usijiite Mhawaii. Jina hilo ni la wenye nchi. Sema umelelewa Kalihi na mama yako ametoka Mombasa, uliseme kwa kichwa kilichoinuka. Nilipokuwa mgeni hapa hakuna aliyetaka niwe kitu kingine, walitaka tu nikae, nile, na niitikie.

Siku ya kwanza, vua viatu mlangoni kama nyumbani. Salimia wakubwa kwanza, na kila mkubwa ni anko au anti. Weka chakula mezani, ukulele ibaki ndani ya mkoba wake. Sikiliza nyimbo chache mpaka mtu akwambie uitoe, na atakwambia. Ukikaa, kaa nyuma kidogo ya duara, mahali unapouona mkono wa kushoto wa mpiga gitaa, kwa sababu hakuna atakayekutajia chord, yaani zile sauti zinazopigwa pamoja, kama C au G7. Masikio yako yashike kile kipande kifupi kinachorudi kila ubeti unapoisha: wimbo ukiwa kwenye ufunguo wa C ni D7, G7, halafu C, ukiwa kwenye F ni G7, C7, halafu F. Mwenye kukishika hicho anaweza kukaa na watu usiku mzima hata kama nyimbo ni ngeni kwake. Ukisikia mwimbaji anapaza "ha'ina", ubeti wa mwisho umefika, na mara nyingi utaimbwa mara mbili.

Ukulele zikiwa nyingi, yako iwe ndogo. Anko akiimba peke yake, usimfunike. Usirekodi kwa simu bila kuomba. Na tafadhali usiwe kijana anayeomba kila mara ule wimbo mmoja wa Israel Kamakawiwo'ole ambao dunia nzima inaujua. Yule bwana, Mungu amrehemu, aliacha nyimbo nyingi, na nyingine zinahusu uchungu wa ardhi iliyochukuliwa.

Zamu itakufikia, watasema "wewe je?" Uwe na nyimbo zako mbili, na kabla ya kuziimba ujue zimetungwa kwa ajili ya nani na mahali gani. Hili kwangu ni zito kuliko vidole vyako. Nyimbo zile zinataja mvua ya bonde fulani, ua fulani, upepo wenye jina lake, na ndani yake amekaa mpenzi au chifu ambaye hakutajwa. Wewe mafumbo umeyasikia tangu mdogo, nikipika na taarab ya kwetu, kwa hiyo huna udhuru wa kuimba maneno bila kuyauliza. Chukua "Kaulana Na Pua". Lahani yake imechangamka, mgeni atadhani ni ya harusi. Ulitungwa mwaka 1893, baada ya Malkia Liliuokalani wa Hawaii kupinduliwa, kwa niaba ya waliokataa kutia sahihi ya kuiunga mkono serikali mpya. Wako wasiouchezea hula mpaka leo. Ukiuanzisha katikati ya vicheko, wazee watakuvumilia, lakini watakuwa wamekujua. Tena kumbuka kwamba tangu 1896 sheria ilikifanya Kiingereza kuwa lugha ya shule, watoto wakakatazwa Kihawaii madarasani. Nyimbo ni moja ya mahali lugha ile ilipojificha isife. Kwa hiyo tamka maneno vizuri, na anti akikusahihisha mbele ya watu, mshukuru.

Najua unajiuliza kama una haki ya kukaa pale, Mswahili kama wewe. Ala zenyewe zilifika kwa meli. Ukulele imetokana na gitaa dogo la Wareno wa Madeira walioshuka Honolulu mwaka 1879 katika meli ya Ravenscrag. Maseremala watatu wa safari ile, Nunes, Dias na Espirito Santo, ndio waliozitengeneza za mwanzo. Gitaa lililetwa na wachunga ng'ombe wa Mexico miaka ya 1830, na Wahawaii wakalegeza nyuzi zake wakapata sauti yao. Gitaa la kuteleza, lile linalopigwa kwa kuburuta chuma juu ya nyuzi, ni lao wenyewe, la Joseph Kekuku wa Laie, nalo likasafiri mbali mno. Mpigaji wake Tau Moe na mkewe Rose walitoka visiwani wakiwa vijana, wakapiga Asia na Ulaya kwa miongo mingi, wakakaa India miaka ya 1940, nao ni miongoni mwa walioieneza sauti ile huko. Nyimbo za filamu za Kihindi alizozipenda babu yako pale Mombasa zilikuwa na gitaa hilo. Kwa hiyo lilikuwa limeshaingia sebuleni kwetu kabla mimi sijajua Hawaii iko wapi.

Na Gabby Pahinui, ambaye kila mpigaji wa gitaa lile la nyuzi za kulegeza anamtaja kwa heshima, alifanya kazi katika kikosi cha barabara cha jiji. Mwisho wa wiki watu walimiminika uani kwake Waimanalo, wakapiga mpaka wakachoka. Ua ulitosha. Kwa hiyo ikiwa miezi ya mvua itapita na hujapata duara, anzisha lako. Watu wawili wanatosha. Chagua siku isiyobadilika, kama Jumapili ya kwanza ya mwezi saa tisa alasiri, ili mtu aliyekosa mwezi huu ajue mwezi ujao pa kukukuta. Jirani wa chini mwalike mapema, kabla hajagonga dari.

Kuhusu chakula: nguruwe atakuwepo, na spam musubi, tonge la wali lenye nyama ya nguruwe ya mkebe, na bia. Kataa kwa upole, wamezoea watu wa kila dini. Peleka mahamri. Kwao yatafanana na malasada, maandazi yao ya Kireno, na iliki itawafanya waulize. Pika mengi, na acha sinia pale pale, usirudi nalo siku hiyo; ni sababu nzuri ya kurudi.

Ukulele yako ni ya mti wa koa, haikuzaliwa kwenye nyumba zenye hita. Iweke ndani ya kasha na kile kifaa cha unyevu, mbali na ukuta wa joto, la sivyo itapasuka kifuani, nami sitaki kusikia habari hiyo.

Anko wa jirani anakusalimu na anasema ukilipata duara la huko umwambie wanapiga nyimbo gani, maana ana binamu zake Oregon ambao hajaonana nao muda mrefu. Nimeposti leo nyuzi mpya na pakiti kubwa ya li hing mui, zile plamu kavu za chumvi. Nyuzi ni zako. Li hing mui ni za kupeleka.

Mama yako