Uchovu wa marubani si deko

Ndugu Mhariri,

Gazeti hili nimelisoma tangu enzi zile tunalisubiri lifike Dodoma na basi la kutoka Dar es Salaam, na miaka yote hiyo sikuwahi kukuandikia. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Ile habari yenu kuhusu marubani wa safari ndefu imeniudhi, hasa pale mwandishi alipohitimisha kwamba watu wenye mishahara minono wanalalamikia usingizi ilhali ndege siku hizi inajiendesha yenyewe.

Mwanangu ni rubani. Anarusha ndege za kampuni moja ya nje, ambayo siitaji kwa sababu bado anakula kwao. Likizo iliyopita alifika hapa kwangu Ipagala asubuhi, amekesha angani usiku kucha, kisha akaunganisha ndege ya kuja huku. Mama yake alimsongea ugali wa uwele kwa mlenda, chakula alichokuwa akikililia kwenye simu. Akanawa, akamega tonge, akalichovya, na mkono ukabaki humo humo kwenye bakuli. Alikuwa amelala ameketi, macho nusu wazi, mlenda unamchuruzika hadi kwenye saa ya mkononi. Mama yake alipomgusa bega alishtuka, akauliza tuko mji gani. Jioni simu ikalia: ratiba imebadilishwa, mwenzake anaumwa, likizo ikatizwe. Akakubali. Akikataa, inaandikwa kwenye faili lake, na mkataba wake ni wa muda.

Huyo ndiye mnayemwita analalamika!

Mwili una saa yake, Mhariri, na haisikilizi mshahara. Wataalamu wa anga wanajua kwamba kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi akili ya binadamu iko chini kabisa, na saa hizo huhesabiwa kwa majira ambayo mwili umeyazoea, si kwa saa ya ukutani ya mji uliofikia. Rubani akilazwa hotelini mchana wa nchi nyingine anageuka geuka kitandani huku wafanya usafi wanagonga mlango. Kwenye karatasi amepumzika. Na kwamba ndege inajiendesha ndiyo hatari yenyewe, maana kukaa gizani saa nyingi ukitazama vioo vya mitambo visivyobadilika kunaleta usingizi kuliko kazi ya mikono, halafu kazi ngumu, ya kutua, inakuja mwishoni mtu akiwa amechoka zaidi. Mangalore, India, tarehe 22 Mei 2010, ndege iliyotoka Dubai ilipitiliza njia ya kutua ikatumbukia bondeni, wakafa watu 158. Kinasa sauti kilikuwa na mkoromo wa kapteni, aliyelala sehemu kubwa ya safari na kuamka karibu na kutua. Januari 2024 nchini Indonesia marubani wote wawili walilala kwa dakika 28, nyuma yao wamekaa abiria 153. Rubani msaidizi alikuwa na watoto mapacha wa mwezi mmoja nyumbani. Marekani walisubiri watu 50 wafe kwenye ajali ya ndege huko Buffalo mwaka 2009 ndipo waandike kanuni mpya, zilizoanza Januari 2014: mapumziko ya saa 10 kabla ya zamu, nane kati yake ziwe za kulala bila kusumbuliwa. Hata hapo wakawaacha nje marubani wa ndege za mizigo, ambao ndio wanaoruka usiku zaidi! Na hali haijalegea. Tangu anga ya Urusi ifungiwe ndege za Ulaya mwaka 2022, safari ya Helsinki hadi Tokyo imetoka kama saa 9 hadi kama 13. Juu ya hayo, kuna watengenezaji na kampuni wanaotaka ndege ikishapanda juu rubani mmoja aachwe peke yake mbele, mwenzake akalale. Mwandishi wenu hayo hakuyagusa. Aligusa mishahara.

Na madereva wa mabasi je? Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku. Nenda pale stendi kuu ya Nanenane alfajiri, utamkuta dereva anajimwagia maji ya chupa usoni, anameza kahawa akiwa amesimama, kisha huyo anaingia barabara ya Manyoni na Singida kwenda Mwanza na watu wetu. Safari ndefu inatakiwa iwe na madereva wawili, sawa. Huyo wa pili analala wapi? Kwenye kiti, muziki unapigwa juu ya kichwa chake, na kondakta anampita na vifurushi. Zamu ikimfikia anashika usukani. Tukipata ajali tunasikia ni mwendokasi, na jina la dereva linatangazwa. Aliyempangia zamu hatajwi.

Ninachotaka ni hiki. Saa za mapumziko zianze kuhesabiwa pale rubani anapofunga mlango wa chumba chake, si ndege inapozima injini, maana katikati kuna uhamiaji, foleni ya barabarani, kuoga na kula. Asipigiwe simu saa hizo. Akisema amechoka, ichukuliwe kama amesema ana homa, bila kukatwa siku wala kuitwa ofisini. Na yule anayepanga ratiba, mara moja kila mwaka akae kwenye kile kiti cha ziada nyuma ya marubani, aende nao usiku, alale nao hiyo hoteli ya mchana, arudi nao, na kesho yake asubuhi aingie ofisini kupanga ratiba ya mwezi. Wenye mabasi wafanyiwe vivyo hivyo, kuanzia hapa hadi Mwanza.

Mwandishi wenu naye arudie habari ile. Aanze kwa kuwauliza marubani mara ya mwisho walilala saa ngapi, na kama kulikuwa usiku au mchana.

Mzazi wa rubani,
Ipagala, Dodoma