Risala ya Wanaklabu wa Sayansi kwa Mgeni Rasmi kuhusu Peptidi za Sumu ya Nyoka na Tiba ya Maambukizi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya. Mwenyekiti wa Bodi ya Shule. Mkuu wa Shule. Walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kukubali kuja kufunga Wiki ya Sayansi shuleni kwetu ilhali tunajua shughuli ulizoziacha ofisini ni nyingi. Mada tuliyoishughulikia mwaka huu ni peptidi zitokanazo na sumu ya nyoka, na uwezekano wa kuzitumia kutibu maambukizi ya bakteria.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mada hiyo hatukuitoa kitabuni. Mwezi Februari moma alionekana katikati ya kuni nyuma ya jiko la shule, na kabla mwalimu wa zamu hajafika alikuwa ameshapondwa mawe. Mpishi alipokuwa akimfukia, mwenzetu wa kidato cha pili aliuliza ndani ya sumu ile mna nini hasa, hata tone dogo liweze kumwangusha mtu mzima. Hakuna kati yetu aliyekuwa na jibu, na klabu ikaamua kulitafuta.

Tulichokipata ni kwamba sumu ya nyoka ikikaushwa, sehemu kubwa mno ya kinachobaki ni protini na peptidi. Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, mfano wa shanga chache zilizotungwa kwenye uzi mmoja. Kila aina ina kazi yake: nyingine hushusha shinikizo la damu, nyingine hugusa mishipa ya fahamu, na zipo zinazoua bakteria. Wazazi wetu wanaotumia captopril, vidonge vya kushusha shinikizo la damu, wameshanufaika na elimu hii bila kujua, kwa sababu dawa hiyo ilibuniwa kwa kuiga peptidi za sumu ya nyoka wa Brazili aitwaye jararaca, ambazo mtafiti Sérgio Ferreira alianza kuzieleza mwaka 1965. Captopril iliidhinishwa Marekani mwaka 1981, kwa hiyo safari ya kutoka kwenye jino la nyoka hadi kwenye kidonge ilichukua miaka 16.

Kwa upande wa maambukizi, mwaka 2008 watafiti wa China walieleza peptidi ya asidi amino 30 kutoka kwa Bungarus fasciatus, nyoka wa Asia mwenye pete nyeusi na njano. Mwaka 2014 watafiti wa Brazili wakaeleza nyingine ya asidi amino 34, waliyoiita crotalicidin, kutoka katika tezi ya sumu ya nyoka wa Amerika ya Kusini mwenye njuga mkiani. Peptidi hizo zina chaji chanya, na utando wa bakteria una chaji hasi, kwa hiyo huvutwa, hujibandika, kisha huutoboa utando huo mpaka vilivyomo ndani vikavuja na bakteria akafa. Uso wa chembe hai za binadamu hauna chaji hasi kiasi hicho, na utando wake huimarishwa na kolesteroli, aina ya mafuta, ndiyo maana peptidi iliyo nzuri huweza kuziacha salama. Antibiotiki nyingi tulizonazo hulenga sehemu moja mahususi ya bakteria, kama ufunguo unavyolenga kufuli moja, na bakteria akibadili kufuli dawa inakosa kazi. Kubadili utando mzima ni kazi nzito zaidi kwake, ingawa si muhali: kolistini, antibiotiki ambayo nayo ni peptidi inayoshambulia utando, ilishapata bakteria sugu, na mwaka 2015 watafiti wa China walitangaza jeni la usugu huo linaloweza kuhama kutoka bakteria mmoja kwenda kwa mwingine.

Haja ya dawa mpya tuliiona kwa macho yetu tulipotembelea maabara ya hospitali. Mtaalamu alituonesha sahani yenye bakteria waliooteshwa kutoka kwenye mkojo wa mgonjwa, juu yake pamewekwa vipande sita vya karatasi vya duara, kila kimoja na dawa yake. Dawa inayofaa huzungukwa na duara safi lisilo na bakteria. Sisi tuliona maduara mawili tu. Vipande vinne vilizingirwa na bakteria hadi ukingoni, kama majani yaliyoota mpaka kwenye jiwe. Mtaalamu hakushangaa hata kidogo, na kwetu hilo lilitisha kuliko sahani yenyewe. Duniani kote, vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na usugu wa bakteria dhidi ya dawa mwaka 2019 vilikadiriwa kufikia milioni 1.27.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tungekuwa wasemaji wabaya kama tungeishia kwenye sifa. Hadi leo hakuna dawa ya maambukizi iliyotokana na sumu ya nyoka inayouzwa hospitalini. Baadhi ya peptidi hizi hupasua pia chembe nyekundu za damu. Nyingi zikimezwa humeng'enywa tumboni kama nyama. Na kuzitengeneza ni ghali. Kazi iliyopo ni kuzifupisha na kuzibadili shanga mojamoja ili ukali ubaki kwa bakteria peke yao. Siku hizi kompyuta husaidia: mwaka 2025 watafiti wa Marekani walichapisha kazi ambayo programu ya akili unde ilichambua zaidi ya vipande milioni 40 vya protini za sumu za wanyama mbalimbali, wakatengeneza 58 maabara, na 53 kati yake vikaonesha uwezo dhidi ya bakteria. Tunasema haya kwa tahadhari, kwa kuwa tumeshaulizwa mara mbili na watu wazima kama inafaa kuhifadhi sumu nyumbani. Haifai.

Kinachotuuma ni kwamba nyoka tunao, lakini utafiti mwingi uko mbali. Hata koboko wetu, ambaye mwaka 2012 watafiti wa Ufaransa walipata katika sumu yake peptidi zinazotuliza maumivu kwa panya, sisi tunamjua kwa kumkimbia tu.

Kwa hiyo tuna maombi matatu. Kwanza, wanaklabu waruhusiwe kutembelea maabara ya hospitali mara moja kila muhula. Pili, tusaidiwe kupata kabati la kuoteshea bakteria wasio na madhara, hata likiwa limetumika, kwa kuwa sasa tunatumia boksi lenye balbu ambayo umeme ukikatika jaribio huharibika. Tatu, dawa ya kuzuia sumu ya nyoka, ambayo nayo hutengenezwa kwa kutumia sumu hiyohiyo, ipatikane karibu na shule, kwa maana moma wa Februari hakuwa wa kwanza kwenye kuni zile.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.