Kusoma barua jukwaani nako ni kuigiza

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyopita imenikera kidogo. Mwandishi ameyaita maigizo ya kukaa kitako na kusoma "uvivu wa wasanii", na mfano alioutoa ni igizo la Love Letters (Barua za Mapenzi) la Mmarekani A. R. Gurney. Sidhani kama amewahi kuliona likichezwa.

Kweli, jukwaani hamna kitu zaidi ya meza na viti viwili. Andy na Melissa wanasoma barua walizoandikiana tangu wakiwa watoto wa shule hadi utu uzima, karibu miaka 50. Andy anaishia kuwa seneta, Melissa msanii aliyezidiwa na pombe. Hakuna anayekariri hata mstari mmoja. Lakini Gurney aliweka sharti gumu: wasitazamane. Ni mpaka barua ya mwisho kabisa, Melissa keshakufa, ndipo mwigizaji wa kike anaweza kumgeukia mwenzake akisoma. Mvivu ataumbuka hapo, maana nusu ya kazi ni kusikiliza huku ukumbi mzima unakukodolea macho.

Kwa kuwa halidai mazoezi marefu, lilipoingia Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, mwaka 1989, na Colleen Dewhurst na Jason Robards wakiwa wa kwanza, waigizaji walibadilishwa kila wiki. Mwaka 2014 lilirudi huko na Brian Dennehy na Mia Farrow.

India walifanya kinyume chake, na mimi ndiko ninakokupenda. Javed Siddiqui alilichukua wazo hilo akaliandika upya kwa Kiurdu, Tumhari Amrita, chini ya uongozaji wa Feroz Abbas Khan. Tangu mwaka 1992 waigizaji Shabana Azmi na Farooq Shaikh walikalia viti vile viwili kwa zaidi ya miaka 20, wao walewale. Yaani walizeeka pamoja na wahusika wao! Desemba 2013 walilisoma Agra, Taj Mahal ikiwa nyuma yao. Wiki mbili baadaye Farooq Shaikh alifariki ghafla Dubai.

Tena sisi watu wa pwani tusijifanye wageni wa jambo hili. Nilipokuwa darasa la tano hapa Tanga, mama mmoja jirani, mumewe yuko Maskati, alikuwa akiniita nimsomee barua. Alikaa mkekani akimenya muhogo, macho mlangoni, hanitazami mimi wala karatasi. Nilipopita "ama baada ya salamu" na kufika mahali mume anapouliza kama bado anajifukiza udi jioni, kisu kilisimama.

"Rudia hapo, mwanangu."

Nikarudia. Akaniambia tena nirudie. Hata mara ya tatu muhogo mkononi mwake ulikuwa uleule, nusu una ganda.

Msomaji wenu,
Tanga