Risala ya Kikundi cha Mkaa wa Shamba kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mazingira, 5 Juni

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wa kijiji, mtendaji, wazee wetu, walimu mliotuazima uwanja na viti, wanakikundi wote na nyie watoto mliopanda juu ya mwembe (shukeni taratibu), mwangaluka!

Kwanza kabisa tunamshukuru Mungu aliyetufikisha siku ya leo, na wewe mheshimiwa tunakushukuru sana kwa kuacha majukumu mazito ukaja huku kwetu Uyui kwenye vumbi. Ratiba ilisema saa nne na umefika saa sita, kwa kweli ni mapema, mgeni wetu wa mwaka juzi alifika saa tisa na robo na akaondoka saa kumi kasoro.

Historia tutaipitia haraka maana jua kali. Tulianza watu 9 tu kama kikundi cha kuweka na kukopa, tukafuga kuku kideri kikawamaliza, tukalima vitunguu (hiyo tuiache), ndipo kijana wetu mmoja akarudi kutoka mafunzoni Morogoro na habari ya bayocha, yaani mkaa wa mabaki ya mazao unaozikwa shambani kusaidia udongo, ambayo sisi tunaiita mkaa wa shamba kwa sababu bibi zetu wakisikia bayocha wanadhani ni dawa ya mifugo. Leo tupo 23, wanawake 16.

Mafanikio ni makubwa mno mheshimiwa. Tuna akaunti benki na muhuri wetu wenyewe. Tumetoa elimu kwa vijiji vinne, ingawa vitatu walikuja kuuliza kama tunauza mkaa wa kupikia. Kimataifa tumeshafika, kuna mgeni kutoka Ujerumani alisimamisha gari akapiga picha shimo letu. Tumeuza magunia 11, na mengine 6 tumekopesha kwa watu ambao wapo hapa na wanajijua.

Sasa mheshimiwa tueleze kidogo hii kitu, kwa sababu kuna maneno mtaani kwamba tunakata miti. Hatukati hata mti mmoja. Miombo ya Tabora imeshaliwa vya kutosha na mabani ya kukaushia tumbaku, hatuwezi kuongeza sisi. Tunachochoma ni magunzi ya mahindi, maganda ya karanga, mashina ya tumbaku yakishang'olewa, na zaidi ya yote pumba za mpunga, maana ukikoboa gunia la kilo mia, kama kilo 20 hivi ni pumba, na pale mashineni zinarundikwa nyuma zinachomwa moto hivi hivi, moshi unaingia madarasani.

Bua likiwa shambani linavuta hewa ukaa, likioza au ukilichoma kawaida ile hewa inarudi juu yote. Ukilichoma kwa kuibania hewa, lisiwe jivu, karibu nusu ya kaboni iliyotoka kwenye ile hewa inabaki ndani ya mkaa, na ukizika huo mkaa shambani inakaa miaka mamia haijarudi angani. Siyo stori za kwetu hizi. Brazil huko kwenye msitu wa Amazon kuna udongo mweusi uliotengenezwa na watu wa kale, mkaa wao upo mpaka leo na udongo bado una rutuba. Na wanasayansi wa IPCC, lile jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, kwenye ripoti yao ya 2018 wameutaja mkaa huu kati ya njia za kupunguza hewa ukaa iliyoko juu.

Ila tuseme ukweli, mkulima wa hapa hachomi pumba ili kuokoa dunia. Anachoma kwa sababu ardhi yetu ni kichanga, ukimwaga ndoo ya maji asubuhi, ikifika saa nne huoni dalili. Mbolea ya ruzuku tunanunua na tunashukuru, lakini mvua kubwa moja ikipiga mbolea inazama chini kuliko mizizi. Mkaa una vitundu vidogo vidogo ndani, vinashika maji na vinashika mbolea, na udongo wenye asidi unapoa kidogo. Mwaka wa kwanza tulikosea, tukamwaga mkaa mkavu shambani kwa bibi mmoja hapa (amekaa pale mwenye kitenge cha kijani), mahindi yakawa njano kama yamelowekwa manjano, maana mkaa mtupu unaanza kwa kula mbolea wenyewe. Bibi alitusema mpaka kanisani. Mwaka uliofuata tukauchanganya na samadi na mkojo wa ng'ombe, tukauacha wiki kadhaa ndipo tukauweka kwenye matuta, na ile wiki mvua ilipokata mwezi wa pili, mistari yake ndiyo iliyobaki imesimama, majani hayajajikunja. Sasa hivi bibi ndiye mweka hazina wetu.

Mheshimiwa, hayo yote yalikuwa utangulizi. Tunakuja kwenye jambo moja, na tumekubaliana kwenye kikao tusitaje la pili ili lisipate mwenzake wa kujifichia.

Maji.

Utauliza mkaa na maji vinahusiana vipi. Tunachukua debe lililotobolewa matundu, lina bomba la moshi juu, tunawasha moto ndani, pumba tunazilundika nje kulizunguka kama kichuguu. Moto unakula taratibu kutoka ndani, kichuguu kinakuwa cheusi kutoka juu kushuka chini, tunageuza kwa koleo. Pakishakuwa peusi pote una muda mfupi sana, lazima umwage maji mengi mpaka iache kabisa kufuka. Usipomwaga moto unaendelea wenyewe kimya kimya, huoni hata mwali, asubuhi unakuta jivu la kijivu, jepesi, upepo unalibeba. Yaani kaboni yote uliyosema unaizika imeshapanda zake juu na wewe umepata jivu.

Na pumba zinapatikana lini? Wakati huu, mpunga ukishavunwa, kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa kumi. Ndiyo miezi ambayo kisima chetu cha kienyeji kinabaki tope. Maji ya karibu yako kilomita tatu, dumu la lita 20 linaletwa na bodaboda kwa shilingi 500, kichuguu kimoja kinataka madumu kumi na kitu. Mwaka jana mwezi wa nane tulikuwa na vichuguu vitatu vimeiva kwa wakati mmoja, bodaboda akapata pancha njiani, akafika na madumu sita saa mbili usiku. Akina mama wakatoa maji ya nyumbani, mmoja akatoa hata ya kuogeshea mtoto mchanga, tukaokoa kimoja na nusu. Vingine tulivikalia tunaviangalia.

Wapo wataalamu wameshauri tufukie kwa udongo badala ya maji. Tumejaribu. Mchanga wetu huu hewa inapita, asubuhi jivu, na kidogo kilichobaki kimechanganyika na mchanga hakiuziki.

Sasa mheshimiwa, ombi hili siyo geni. Mgeni wetu wa miaka minne iliyopita alisimama hapo hapo ulipokaa akasema kisima kirefu kitachimbwa kabla ya mvua, hakusema mvua za mwaka gani na sisi kwa heshima hatukumuuliza. Mwaka uliofuata wakaja vijana wawili na mashine ya kupima, wakakuta maji yapo, wakagonga kigingi chenye rangi nyekundu, tukawachinjia mbuzi. Mgeni wa mwaka juzi alipiga picha na kigingi. Picha ni nzuri, amevaa kofia yetu, tulimpa na hakuirudisha. Kigingi bado kipo mheshimiwa, rangi imetoka, mzee mmoja anafungia mbuzi wake pale na hatumkatazi maana ndiyo kazi pekee kinayofanya.

Tunajua maji ya Ziwa Victoria yameshafika Tabora mjini, tunaipongeza serikali kwa dhati, ndugu zetu wa mjini wanatuambia ni matamu. Tunajua pia wenzetu wa Wilaya ya Tanganyika kule Katavi wanapata hela za hewa ukaa kwa kutunza misitu yao, na kwamba tangu 2022 nchi ina kanuni za biashara hiyo ya kaboni. Sisi hatujafika huko na wala leo hatuombi hela za kaboni. Tunaomba kisima kirefu kimoja, pampu ya sola na tanki, nguvu kazi tutatoa, mawe na mchanga tumeshasogeza tangu ahadi ya kwanza na mengine yameshajengewa choo cha shule.

Kama haiwezekani mheshimiwa, tunakuomba kwa unyenyekevu uliokithiri useme haiwezekani. Hatutakasirika, tutapika na tutacheza ngoma kama kawaida, ila tutajua tutafute punda wa kubeba madumu badala ya kusubiri.

Chakula kiko tayari, wali wa hapa hapa na kuku wa kienyeji. Kinaliwa darasa la tatu, na njia ya kwenda huko tumeipitisha pembeni ya kigingi, mbuzi tumemuomba mzee amhamishe kwa leo.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi